Shahidi wa Machweo

Hapana kitu kilicho wazi kwa watu wote kama anga, wala hapana kitu kilicho kigumu zaidi kwa mtu mmoja kukitia mkononi. Tajiri hawezi kulizungushia ua, maskini hawezi kunyimwa sehemu yake, na mgeni aliyeshuka garini leo hulitazama sawa na mwenyeji aliyezaliwa chini yake. Walakini, tangu watu walipopata chombo cha kunasa nuru wamekuwa wakikielekeza chombo hicho juu kila jioni, kana kwamba kitu kilichotolewa bure kwa wote hakitoshi mpaka kila mmoja awe na kipande chake. Tendo hili laonekana dogo. Hata hivyo, ndani yake limo swali zito la maadili: mtu apigaye picha ya machweo anatafuta nini, na ana wajibu gani kwa kile alichokiona na kwa wale ambao hawakukiona?

Swali hili na lipimwe mahali pamoja, kwa sababu hoja isiyo na mahali huelea kama moshi. Buswelu ni kata ya Manispaa ya Ilemela, katika Mkoa wa Mwanza, na ndiko yaliko makao makuu ya manispaa hiyo iliyoanzishwa mwaka 2012. Ni nchi ya majabali. Mawe makubwa ya itale yamekaa juu ya vilima, moja juu ya jingine, kama vitu vilivyopangwa na mtoto wa jitu aliyeitwa kula kabla hajamaliza mchezo wake. Chini yake nyumba za mabati huongezeka mwaka hata mwaka. Upande wa magharibi liko Ziwa Viktoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na uso wa maji yake umeinuka mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Jua la Buswelu, basi, huzama upande wa maji mengi, na mvuke wa maji hayo huumba mawingu yasiyofanana jioni moja na nyingine.

Mwanza iko karibu digrii mbili na nusu kusini mwa Ikweta. Katika nchi za namna hiyo njia ya jua hushuka karibu wima, na kwa hiyo machweo yake hayana uvivu. London, katika mwezi wa Juni, hukaa na utusitusi wa jioni kwa zaidi ya dakika 40 kabla giza halijaanza kutawala. Buswelu muda huo hauzidi sana dakika 20, mwaka mzima. Jua lenyewe huzama baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika kumi, kwa kufuata miezi. Basi atakaye kupiga picha ya anga lake hana nafasi ya kusitasita. Rangi ya dhahabu hugeuka kuwa ya shaba, shaba ikawa damu ya mzee, damu ya mzee ikawa zambarau, na kabla hajageuza kamera upande wa pili usiku umekwisha kutandika jamvi lake.

Na afikiriwe mtu wa mahali hapo, karani au mwalimu, ambaye kupiga picha si kazi yake wala riziki yake, ila ni mapenzi yake. Amenunua kamera iliyokwisha kutumiwa na mwingine, naye hupanda juu ya jabali kila apatapo jioni yenye nafasi. Siku ya kwanza anaipima nuru ya mawingu. Mawingu yanatoka vizuri, lakini majabali, miti na mabati ya nyumba yote yanakuwa meusi kama makaa. Siku ya pili anaipima nuru ya majabali. Majabali yanaonekana, lakini anga linakuwa jeupe kama shuka iliyofuliwa. Siku ya tatu anapata mawingu na majabali pamoja, lakini wekundu umepauka, kana kwamba jioni imeoshwa kwa maji. Siku ya nne kila kitu kimekaa mahali pake, na bado, akiitazama picha nyumbani, moyo unamwambia: sivyo ilivyokuwa.

Hapo ndipo mtihani unapoanza. Katika simu yake au katika kompyuta kuna kipimo cha kuongeza na kupunguza rangi. Anakisukuma kidogo, picha inachangamka. Anakisukuma tena, mawingu yanawaka moto. Anafuta waya wa umeme uliokatiza pembeni, anafuta na nguzo yake. Kisha anampelekea ndugu yake aliye mbali, naye ndugu anajibu kwa mshangao kwamba hakujua kuwa Mwanza ni pepo ya dunia. Sifa ni tamu. Mtu yule anaipokea. Lakini usiku, moyo ule ule uliosema sivyo ilivyokuwa juu ya picha iliyopauka, unasema maneno yale yale juu ya picha inayowaka. Picha mbili zimeshtakiwa kwa kosa moja, na mshtaki ni mmoja. Ni ipi basi iliyo ya kweli?

Watu wawili huwa tayari kumjibu. Wa kwanza ni mkali. Husema kwamba picha ya kweli ni ile iliyotoka katika kamera bila kuguswa, na kila mkono uliopita juu yake baada ya hapo ni mkono wa mghushi. Wa pili ni mpole. Husema kwamba picha ni sanaa, sanaa haina mahakama, na kila mtu na alipake anga rangi aitakayo. Majibu haya mawili yanaonekana kupingana, lakini yana upungufu wa namna moja: yote yanamwondolea mpiga picha mzigo wa kufikiri. La kwanza linamtwika mtambo dhamiri yake, na la pili linamwambia kwamba dhamiri haihitajiwi.

Mkali na ajibiwe kwanza. Kamera haina unyofu anaoudhani. Katika kamera nyingi za siku hizi, kidude cha ndani kinachopokea nuru hakitambui rangi kwa chenyewe. Hupima tu wingi wa nuru. Mbele yake huwekwa vichujio vidogo mno vya rangi nyekundu, kijani na buluu, kwa mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, ambao hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Kila nukta ya picha hupimwa katika rangi moja tu, na zile mbili zilizobaki hukisiwa kutokana na nukta za jirani. Kwa hiyo, katika picha isiyoguswa na mkono wa mtu, theluthi mbili za hesabu ya rangi ni makisio. Tena kamera imefundishwa kutafuta weupe. Ikiona chumba kilichojaa nuru ya manjano ya taa, huiondoa manjano ile ili karatasi nyeupe ionekane nyeupe. Ikielekezwa kwenye machweo hufanya vivyo hivyo: huuona wekundu wa jioni kuwa ni kosa, ikausahihisha. Upauko wa siku ya tatu haukuwa ukweli wa anga. Ulikuwa hukumu ya mtambo usiojua jioni ni nini.

Lakini jicho nalo lisijivune. Mwanadamu hukumbuka rangi kwa kuzidisha. Katika uchunguzi uliochapwa mwaka 1960, C. J. Bartleson alionyesha kwamba watu wakitakiwa kuchagua, kwa kumbukumbu tu, rangi ya vitu wanavyovijua sana kama majani na anga, huelekea kuchagua rangi iliyokolea kuliko ile ya kitu chenyewe. Kumbukumbu ni mpambaji asiyelala. Basi mtu aliyeshuka jabalini saa moja iliyopita, akaketi mbele ya picha yake akitaka kuirudisha kwenye ukweli, hana mzani wowote ila kumbukumbu, na mzani huo umekwisha kuongezwa uzito kwa siri upande wa uzuri. Huamini kwamba anasahihisha, kumbe anatia chumvi. Wala hajui, kwa sababu mtiaji chumvi yumo ndani yake.

Yatokanayo na haya ni kwamba ukweli wa picha ya anga hauwezi kupimwa kwa kulinganisha rangi na rangi. Rangi ya kwanza imekwisha kupita, na mashahidi wawili waliobaki, mtambo na kumbukumbu, wote wana kasoro. Mmoja hupunguza, mwingine huzidisha. Kama ukweli upo katika jambo hili, lazima utafutwe mahali pengine.

Sasa na ajibiwe mpole, asemaye kwamba sanaa haina mahakama. Historia ya picha yenyewe inampa hoja nzuri. Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha za bahari zilizowastaajabisha watu wa Paris na London. Dawa zilizopakwa juu ya sahani za kioo za wakati ule zilikuwa nyepesi mno kwa nuru ya buluu, hata anga likaungua na kutoka tupu kabla bahari haijaonekana. Le Gray aliitatua shida hiyo kwa kupiga picha mbili, moja ya maji na moja ya mawingu, kisha akaziunga katika karatasi moja. Anga moja lilitumika hata juu ya bahari zaidi ya moja. Baadaye wapiga picha wengine walifanya desturi ya kuweka akiba ya mawingu, kama mshoni awekavyo akiba ya vifungo, ili kila mandhari isiyo na mawingu ipate yake. Na leo simu nyingi za mkononi hupiga picha kadhaa kwa mpigo mmoja, nyingine kwa nuru kubwa na nyingine kwa ndogo, zikaziunga zenyewe bila kumwuliza mwenye simu. Ujanja wa Le Gray umeingia mifukoni mwa watu wote, nao hawajui.

Mpole anaweza kuongeza mfano wa karibu zaidi. Katika miaka ya 1990, penye kivuko cha Likoni mjini Mombasa, walikuwapo wapiga picha waliopamba vibanda vyao kwa mandhari za kuchorwa. Msafiri alisimama mbele ya mchoro, akapigwa picha, akaenda zake na fahari. Je, alidanganywa? Hakudanganywa hata kidogo. Alijua kwamba mchoro ni mchoro, na jamaa zake walipoipokea picha walijua pia. Mchoro ulisema wazi: haya ni matamanio. Kuna heshima katika tamko hilo, na atakayeliita uongo atakuwa amewadhulumu mafundi wale na wateja wao.

Mfano huu ni wa kweli, lakini humshinda yule aliyeuleta. Pazia la Likoni ni halali kwa sababu linajulikana kuwa ni pazia. Anga la karani wa Buswelu limewaka mahali pasipo pazia. Limepelekwa kwa ndugu likiwa limevaa vazi la habari, si vazi la matamanio. Ndugu yule hakusema kwamba picha ni nzuri. Alisema kwamba Mwanza ni nzuri. Alipokea ushahidi, akaamini. Hitilafu iliyopo baina ya fundi wa Likoni na karani wa Buswelu, basi, haimo katika wingi wa rangi. Imo katika ahadi ambayo kila mmoja alimpa mtazamaji. Pambo lililotangazwa ni sanaa; pambo lililofichwa ndani ya ushahidi ni hiana, hata likiwa dogo.

Neno ushahidi halikuja hapa kwa bahati. Watu wa Afrika Mashariki wana mazoea ya kale ya kulitazama anga la jioni kwa jicho la shahidi. Jioni ya tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa Shaabani, Waislamu hutoka kuutafuta mwezi mwandamo upande wa magharibi, katika anga lile lile la dakika chache. Atakayeuona hautwai, haupambi, wala haambiwi aueleze kwa ufasaha. Huulizwa kama ameuona. Asemapo ndiyo, uadilifu wake huangaliwa kuliko ukali wa macho yake, kwa sababu mji mzima utafunga kwa neno lake. Kadhalika, wekundu unaobaki baada ya jua kuzama, ambao katika fikihi huitwa shafaki, ni mpaka wa wakati wa sala: magharibi huingia jua lizamapo, na hudumu hadi shafaki itoweke. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki, wamesema kwamba shafaki ni ule wekundu. Abu Hanifa alisema kwamba ni weupe unaoufuatia. Karne nyingi kabla ya kamera, rangi ya jioni ilikuwa imekwisha kujadiliwa na watu waliojua kwamba mtu akisema asichokiona, wengine watapotea kwa ajili yake.

Kutoka kwa shahidi wa mwezi mpiga picha anaweza kujifunza mambo matatu.

Jambo la kwanza ni kwamba shahidi hutoa alichokiona na hujua kwamba hakukitoa chote. Mwaka 1883, tarehe 26 na 27 Agosti, mlima wa Krakatoa ulilipuka katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Vumbi na mvuke wake vilipanda juu sana na kuizunguka dunia, na kufikia Novemba machweo ya London yalikuwa yamegeuka kuwa ya moto. Mchoraji William Ascroft aliketi Chelsea, kando ya mto Thames, akachora anga kwa chaki za rangi, mchoro baada ya mchoro katika jioni ile ile, na katika miaka iliyofuata alifikisha michoro zaidi ya 500. Baadhi yake iliwekwa katika taarifa ya Royal Society iliyochapwa mwaka 1888. Ascroft hakudai kwamba amelinasa anga. Alieleza kwamba alichokipata ni namna ya maandishi ya mkato ya rangi. Kwa kukiri hivyo akawa wa kuaminiwa. Picha isiyotosha, ikisema kwamba haitoshi, ina kweli nyingi kuliko picha kamilifu inayojisifu.

Jambo la pili ni kwamba shahidi husema alisimama wapi. Mnamo tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa hili kutoka kilimani, karibu na mahali ulipo mji wa Mwanza. Aliona sehemu ndogo ya kusini. Kwa sehemu hiyo akalipa ziwa zima jina la malkia wake, ingawa wenyeji walikuwa na jina lao, Nyanza. Akatangaza pia kwamba amekiona chanzo cha Mto Nili. Juu ya Nili alikuwa amekisia vizuri, lakini hakuwa na ithibati, na ugomvi wake na Richard Burton juu ya jambo hilo uliendelea hadi kifo chake mwaka 1864. Kila picha inafanana na Speke kilimani. Huona kipande chenye pembe nne, ikakiita Anga la Mwanza. Kosa halimo katika kuona kipande, kwani hakuna mwanadamu aonaye zaidi ya kipande. Kosa huingia pale kipande kinapovikwa jina la kitu kizima, na waya uliokuwapo, nguzo iliyokuwapo na mabati yaliyokuwapo yakafutwa ili jina litoshe. Waya ule ndio unaopeleka umeme katika nyumba za Buswelu. Mtu aliyeufuta ameyafuta maisha ya jirani zake ili mgeni afurahi.

Jambo la tatu ni gumu zaidi: shahidi hakatai kujua sababu ya alichokiona. John William Strutt, ambaye baadaye aliitwa Lord Rayleigh, alieleza mwaka 1871 jinsi chembe ndogo za hewa zinavyotawanya nuru ya buluu kuliko nyekundu. Jua likiwa chini, nuru yake hupita katika hewa nyingi zaidi. Buluu hutawanyika njiani, na nyekundu ndiyo hufika. Lakini ukali na namna ya wekundu hutegemea pia kilichomo hewani. Wekundu uliowastaajabisha watu wa London mwaka 1883 ulitoka katika mlipuko uliowaua watu zaidi ya 36,000, wengi wao kwa mawimbi ya bahari. Mwanza hakuna mlipuko. Lakini wakati wa kiangazi hewa ya nchi za ziwa hubeba vumbi la barabara na moshi wa nyasi na misitu inayochomwa, na moshi huo huo umwumizao mtoto kifua ndio unaolifanya jua la jioni lionekane kama tufe la shaba. Mara nyingine wingu jeusi lenye kingo za dhahabu, lililo zuri kuliko yote, ni mwanzo wa dhoruba, kwa maana dhoruba nyingi za ziwa hili huumbika usiku. Wakati karani anapolipima wingu hilo kwa kamera, wavuvi wa dagaa wanalipima kwa maisha yao, wakitayarisha taa zao kwa usiku wa giza. Anga moja linatazamwa na watu wawili: mmoja anauliza kama litapendeza, mwingine anauliza kama atarudi.

Je, ajizuie basi kuupenda uzuri ule? Hapana. Uzuri haukuumba moshi, wala anayeshangaa hakuua mtu. Mtu akikataa kila uzuri wenye sababu chungu atalazimika kufumba macho mbele ya mambo mengi duniani. Linalotakiwa ni kwamba kushangaa kusiwe kisingizio cha kutojua. Ascroft alichora, na wanasayansi wakauliza rangi hizo zimetoka wapi. Michoro na maswali viliwekwa katika kitabu kimoja. Hiyo ndiyo adabu ya kutazama: mkono mmoja ushike uzuri, mwingine ushike habari yake.

Huenda mtu akasema kwamba haya yote ni makubwa mno kwa picha ya jua. Mwezi wa uongo hufungisha mji, lakini machweo ya uongo yamemdhuru nani? Swali ni la haki, na jibu lake ni hili. Amedhurika kwanza yule anayekaa chini ya anga lenyewe. Mwanafunzi wa Buswelu aliyezoea kuona katika simu mawingu yaliyotiwa moto huinua macho yake jioni, akaliona anga la kwao kuwa pungufu. Kitu alichopewa bure kimeshushwa thamani na nakala yake. Kisha amedhurika mpiga picha. Mtu akijua kwamba atakachokikosa juu ya jabali atakipata nyumbani kwa kidole, hana tena sababu ya kungoja dakika ya kumi na tisa, na dakika hiyo mara nyingi ndiyo inayoleta rangi asiyoitazamia. Amejinyima uwezo wa kushangazwa. Na mwisho imedhurika imani baina ya ndugu na ndugu, kwa sababu neno la aliyefika huwa limepoteza thamani yake kwa asiyefika. Madhara haya hayahesabiki kwa shilingi, lakini jamii isiyoweza kuaminiana juu ya rangi ya jioni itapata taabu kuaminiana juu ya mambo makubwa zaidi.

Hukumu juu ya karani, hata hivyo, isiwe ya ukali. Kurudisha wekundu ulioondolewa na mtambo si dhambi. Ni kumsahihisha shahidi mmoja kwa mwingine, na kazi hiyo ni halali maadamu mtu anakumbuka kwamba kumbukumbu yake nayo hupenda kuzidisha. Akitaka kuliwasha anga zaidi kwa furaha ya sanaa, na afanye kama mafundi wa Likoni: pazia lionekane kuwa pazia. Akimpelekea ndugu yake picha kama habari, na aandike chini yake maneno machache ya kweli: mahali, mwezi, saa, na kwamba ilikuwa bora kuliko hivi, au kwamba moshi ulikuwa mwingi. Maneno kumi ya namna hiyo humfanya mtazamaji aone zaidi ya rangi zote zilizozidishwa.

Kuhusu jaribio lenyewe la kulinasa anga, hapana shaka kwamba litashindwa, na hapana shaka kwamba lafaa kufanywa. Mtu aliyepanda jabali jioni arobaini, akashuka na picha arobaini zisizotosha, anajua mambo ambayo jirani yake hayajui. Anajua mwezi ambao moshi huzidi, upande ambao mawingu ya mvua hutokea, kipindi cha mwezi mkubwa ambapo wavuvi wa dagaa hupumzika, na dakika ambayo jabali hubaki na joto baada ya nuru kuondoka. Kamera haikumpa anga, lakini ilimpandisha mahali pa kulitazama na kumfundisha kungoja. Picha zile arobaini na azihifadhi kama zilivyo, pamoja na nyaya zake na mabati yake, maana siku moja vilima vya Buswelu vitakuwa vimejaa nyumba, na watoto wa watakaokaa humo watataka kujua kutoka kwa mtu mwaminifu jinsi jioni ilivyokuwa.